Kitambaa cha makaa cha kuwashia moto kambini: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Naishi Tanga mjini, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka vijana kupiga kambi: milimani Amani na Magoroto, na ufukweni njia ya Pangani. Kila safari lazima mtu aniulize kuhusu kile kikopo cheusi ninachokitoa mfukoni jioni tukianza kukoka moto. Majibu yangu nimeyaweka hapa pamoja, ili mtu ajaribu kwake kabla hatujaondoka.

Kitambaa cha makaa ni kitu gani hasa?

Ni kipande cha kitambaa cha pamba kilichochomwa bila kupata hewa, kikawa cheusi tititi lakini hakikugeuka majivu. Ukikishika ni laini na chepesi, na ukikisogeza karibu na jicho bado unaona nyuzi zilivyopishana. Chenyewe hakitoi ndimi za moto. Kazi yake ni kudaka cheche tu. Cheche ndogo kama chembe ya chumvi ikitua juu yake, inatokea nukta nyekundu, na nukta ile inatanuka taratibu kama doa la mafuta kwenye karatasi. Hapo tayari una kaa la moto mkononi. Moto wenyewe unaupata ukilihamishia kaa hilo kwenye nyuzi kavu na kulipuliza.

Aliyewahi kuona tanuri la mkaa ameshaelewa nusu ya somo. Mchoma mkaa anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha na kuacha matundu machache. Magogo yanaiva ndani kwa ndani bila kuteketea. Maji yanatoka, gesi zinatoka na moshi, inabaki kaboni. Kopo letu ni tanuri hilohilo, dogo la kutosha kukaa juu ya jiko la mkaa.

Kwa nini nihangaike wakati kiberiti kinauzwa kila duka?

Chukua kiberiti, na mimi hubeba. Lakini hali ya hewa ya huku tunaijua. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, Oktoba hadi Desemba ni vuli, na hata siku ya jua pwani ina unyevu unaofanya chumvi iloane kwenye kibakuli. Mwaka mmoja tulikuwa Amani, mvua ikatunyea kutwa nzima. Jioni nikafungua begi: viberiti vitatu vyote vimelowa, vichwa vya njiti vinabanduka kama uji ukivikwaruza ubavuni. Vijana kumi na wawili wananitazama, wana baridi, mchele umo sufuriani. Kilichotuokoa ni kikopo nilichokuwa nimekizungushia mpira wa tyubu kwenye mfuniko, kitambaa ndani kikavu kama nilivyokitoa nyumbani. Ugali na wali wa kambini unaanza kupikwa siku moja kabla, nyumbani, kwa mikono mikavu. Hilo ndilo ninalotaka kila kijana wangu alijue.

Tena ni jambo la wazee wetu, tumelisahau tu. Neno gumegume, yaani jiwe gumu la kutolea cheche, lipo katika Kiswahili kwa sababu jiwe hilo lilitumika, na bunduki za zamani zilizowaka kwa jiwe tukaziita bunduki za gumegume. Hata neno kiberiti asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni salfa. Kabla ya njiti za kukwaruza watu walichovya vijiti kwenye salfa ili vishike moto haraka kutoka kwenye kaa dogo kama hili letu. Njiti za kukwaruza zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1827, kazi ya mwuza dawa aitwaye John Walker. Wengine bara na pwani walipekecha ulindi, kijiti cha juu, kwenye uwimbombo, kipande cha mti cha chini, mpaka unga wa mti ukatoa moshi. Na bibi yangu yeye alikuwa akinituma kwa jirani na kifuu, niombe kaa moja la moto, nirudi mbio kabla halijazimika.

Nitumie kitambaa gani?

Pamba tupu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitambaa chenye poliesta hakiwi makaa, kinayeyuka. Ukifungua kopo unakuta gundi nyeusi imeganda chini, na moshi wake unawasha koo. Ukitaka kujua kitambaa chako ni nini, chomoa uzi mmoja uuwashe. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka kama karatasi, inaacha majivu mepesi ya kijivu yanayopotea ukiyagusa. Poliesta inajikunja, inadondosha tone, na tone likipoa linakuwa shanga ngumu. Fanya kipimo hiki hata kama muuzaji amekuapia. Kuna khanga za pamba na kuna khanga zilizochanganywa, na machoni zinafanana.

Mimi napenda marekani kuliko vyote, ile nguo nyeupe isiyopaushwa. Jina lake limetokana na pamba iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani kwenye pwani hii karne ya 19, nyingi ikipitia bandari ya Salem ya hukohuko Marekani. Ina uzi mnene uliosokotwa vizuri, ikiiva haivunjiki. Jinzi kuukuu ya mitumba, ile ya pamba tupu, nayo ni nzuri sana. Nenda Ngamiani, hapa Tanga mjini, utapata mguu mmoja wa suruali uliochanika kwa bei ya chai. Kikoi kikuukuu kinafaa. Kitambaa chepesi mno kama cha leso ya mkononi kinaiva upesi lakini kinabomoka ukikigusa.

Kama nguo ni mpya, ifue kwanza. Nguo mpya mara nyingi ina wanga wa kuinyoosha. Suuza sabuni yote itoke, anika juani mpaka ikauke kabisa.

Na utambi?

Swali zuri, maana wengi hawalifikirii. Utambi wa pamba wa taa ya chemli unafaa sana. Choma ncha yake mpaka iwe nyeusi, ingiza utambi kwenye kipande cha bomba jembamba, ncha ichungulie nje. Cheche ikiishika, unapuliza na kuitumia. Ukimaliza unauvuta utambi ndani ya bomba na kuziba kwa kidole, unakosa hewa na kuzima. Ncha ile nyeusi inabaki tayari kwa kesho.

Nitatengenezaje, hatua kwa hatua?

Tafuta kopo dogo la bati lenye mfuniko unaobana, kama la rangi ya viatu au la peremende. Kabla ya yote lichome tupu, nje, kwenye moto mkali, ili rangi na utando wa ndani viungue viishe. Usilitumie la plastiki wala lenye mpira kwenye mfuniko. Litoboe katikati ya mfuniko kwa msumari mwembamba, tundu la milimita 2 hivi, moja tu.

Kata kitambaa vipande vya mraba vya sentimita 5. Vipange vilegee ndani ya kopo, visishindiliwe, maana joto linatakiwa kupita katikati yake. Funga.

Weka kopo juu ya makaa yaliyokolea ya jiko la mkaa, au pembeni mwa kuni zilizokwisha kuwaka moto mkubwa. Dakika chache tu tundu litaanza kutoa moshi mweupe, mwembamba kwanza, halafu mnene kama wa birika. Ni gesi ya pamba hiyo, na inawaka. Ukiona kindimi kidogo cha moto juu ya tundu usishtuke. Liache. Baada ya muda geuza kopo kwa koleo ili upande wa pili nao uive.

Usitazame saa, tazama moshi. Kopo dogo linaweza kuchukua dakika 10, jingine 20, inategemea makaa na wingi wa kitambaa. Moshi ukipungua mpaka ukakatika, limeiva. Liondoe kwa koleo, liweke juu ya mchanga, na papo hapo ziba tundu kwa mwiba au kwa msumari uleule.

Halafu ngoja.

Ningoje mpaka lini?

Mpaka uweze kulishika kwa kiganja bila kusikia joto lolote. Nusu saa, au zaidi.

Nasisitiza kwa sababu nilishaumia. Mara ya kwanza kabisa nilikuwa nyuma ya nyumba, watoto wa mtaani wamenizunguka, nikataka kuwaonyesha. Kopo lilikuwa vuguvugu tu, nikalifungua. Vipande vyangu ishirini vilikuwa vyeusi, vizuri, vimelala kwa mpangilio. Nikapata kuvitazama kama unavyohesabu tatu. Pembe ya kimoja ikawa nyekundu, wekundu ukahamia kwa jirani yake, na nikiwa nimeduwaa na mfuniko mkononi vyote vikageuka majivu, bila mwali hata mmoja. Kitambaa kilikuwa bado na joto, kilikosa hewa tu, na hewa nikaileta mwenyewe. Tangu siku ile nikishaliondoa kopo jikoni naenda kuoga, au naenda kuswali, ndipo narudi.

Nimefungua, kitambaa ni cha kahawia. Kimeharibika?

Hapana. Hakijaiva. Funga, rudisha jikoni. Kahawia maana yake bado kuna kitu hakijatoka, na cheche haitashika hapo.

Changu kimekuwa majivu kingoni

Hewa iliingia. Ama tundu ni kubwa, ama mfuniko haukubana, ama ulisahau kuziba tundu wakati wa kupoa. Kikiwa cheusi lakini kinasagika kama unga ukikigusa, ulikichelewesha motoni au kitambaa chenyewe kilikuwa chepesi mno. Usikitupe, kusanya unga huo pembeni mwa kikopo. Nao unadaka cheche, ila ni shida kuubeba kwenda kwenye nyuzi.

Cheche naipata wapi?

Kwa jiwe gumu na chuma cha pua kigumu. Watu wanadhani cheche inatoka kwenye jiwe. Inatoka kwenye chuma: ukingo mkali wa jiwe unakwangua kijivipande kidogo cha chuma, na kijivipande hicho kinaungua hewani kwa joto la kukwanguliwa. Kwa hiyo jiwe lazima liwe gumu kuliko chuma, na liwe na makali.

Mawe ya ufukweni kwetu hayafai. Matumbawe na chokaa ni laini, utapiga mpaka usiku uingie. Panda kidogo kuelekea Muheza na milima ya Usambara, tafuta kwatzi, lile jiwe jeupe kama maziwa yaliyoganda au lenye kung'aa kama kioo, linalojitokeza kwenye mikato ya barabara na kando ya vijito. Livunje upate ukingo mkali, ukiwa umefunika macho au umelizungushia gunia. Gumegume halisi ni bora zaidi kwa sababu makali yake hayaishi haraka, lakini kwatzi imenitosha miaka yote.

Chuma, tafuta tupa kuukuu ya fundi. Tupa ina kaboni nyingi na imekolezwa ikawa ngumu. Saga meno ya ubavu mmoja mpaka uwe laini, ubavu huo ndio utakaopigia. Kisu cha mezani kisichoshika kutu mara nyingi hakitoi kitu.

Shika jiwe mkono wa kushoto, ukingo mkali ukitazama nje, na juu ya jiwe ubane kipande cha kitambaa kwa kidole gumba, pindo lake likaribie ukingo. Piga kwa chuma kutoka juu kwenda chini, kwa kukwaruza kama mtu anayemenya muhogo, usipige kama nyundo. Baadhi ya cheche zinaruka juu na kutua kwenye kitambaa. Mara ya tano, ya kumi, utaona ile nukta. Vijana huwa wanapiga kelele hapo, na mimi nawaacha wapige.

Nina kile kijiti cha kisasa cha chuma, kinachotoa cheche ukikikwaruza. Bado nahitaji kitambaa?

Si lazima. Cheche zake ni kali mno, zinaweza kufika nyuzijoto 3,000, ilhali za chuma na jiwe ni za chini sana. Zinawasha sufi kavu au nyuzi za makumbi moja kwa moja. Ila siku ya unyevu kitambaa kinakupunguzia taabu, na lenzi ya jua pia inakiwasha kwa sekunde chache.

Nimepata nukta nyekundu. Sasa?

Sasa kuna dakika mbili tatu za utulivu. Kaa halitazimika upesi, kwa hiyo usilikimbize.

Uwe umeshaandaa kiota kabla ya kupiga jiwe. Sisi wa pwani Mungu ametupa mnazi, na mnazi mmoja una kila kitu. Chukua usumba wa kumbi kavu, uchambue kwa vidole mpaka uwe kama nywele, fanya kitu mfano wa kiota cha ndege. Kilifu, lile vazi la nyuzi linalofunika chipukizi la mnazi, nalo linachambulika vizuri. Usumba peke yake unashika kaa na kulitunza muda mrefu, lakini ni mvivu kutoa mwali, unafukuta tu. Changanya na nyasi kavu au jani la mgomba lililokaukia mtini, ukilisugua viganjani. Karibu na mashamba ya mkonge utapata katani, nyuzi nzuri ajabu ukizichambua.

Weka kaa katikati, kunja kiota kiasi cha kulikumbatia, kinyanyue juu kidogo ya uso ili moshi usikuingie machoni, upepo uwe nyuma yako. Puliza pumzi ndefu na nyembamba. Moshi utakuwa mweupe, halafu mnene wa njano, halafu utasikia mlio mdogo kama wa nguo inayochanika, na mwali unatoka. Uweke chini mara moja, juu yake panga chelewa kavu, zile njiti za katikati ya majani ya mnazi, kisha karara, lile ganda la ua la mnazi, lililopasuliwa vipande vyembamba, kisha vifuu. Vifuu vikishika, huo moto hauzimwi na manyunyu.

Kipande kimoja kinatosha moto mmoja?

Kinatosha na kubaki. Kata robo. Ukibakiwa na kipande kinachofuka, kiweke kikoponi na ufunge. Kitakosa hewa kizime, na ile sehemu nyeusi iliyobaki utaitumia tena.

Nitakihifadhije kisipate unyevu?

Kopo jingine lisilo na tundu, mfuniko umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ndani ya mfuko wa plastiki. Usikitie mfuko wa shati. Jasho la safari moja tu ya kupanda Magoroto linakimaliza. Kikinyonya unyevu, kirudishe kwenye kopo la kuchomea dakika chache, kitarudi kama kilivyokuwa. Wiki ya kwanza ya Machi mimi huchoma upya chote nilichonacho.

Naweza kuchoma vitu vingine badala ya kitambaa?

Unaweza. Mti mwepesi uliooza ukakauka, ule unaobonyea ukiufinya, ni mzuri mno kwa njia hiihii ya kopo. Katani nayo inakubali. Sufi ya msufi inaiva, lakini inakuwa dhaifu kama utando wa buibui, pumzi ikiigusa imekwenda.

Ni salama kufanya nyumbani?

Nje, ndiyo. Ndani, usijaribu: moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kaa mbali na paa la makuti, mbali kweli, si hatua mbili. Tundu la kopo lisizibe wakati liko motoni, la sivyo gesi inajaa na mfuniko unaruka na moto wake.

Mama mmoja wa Chumbageni aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu ana miaka kumi na mmoja, naweza kumruhusu?" Nilimjibu: akate kitambaa, apange, achambue usumba, apulize kiota ukiwa ubavuni kwake. Kopo la moto na kuvunja mawe ni kazi ya mtu mzima.

Naruhusiwa kuwasha popote?

Hapana. Hifadhi ya Saadani, msitu wa Amani na maeneo mengine ya hifadhi yana taratibu zake. Waulize askari wa hifadhi kabla hujaweka hata ukuni mmoja, na uwashe pale tu wanapokuonyesha. Shamba la mtu, mwombe mwenyewe. Ufukweni washa chini ya alama ya maji ya bamvua, yale maji makuu ya bahari, mbali na minazi na mitumbwi. Usizungushie moto mawe yaliyotoka mtoni au majini. Maji yaliyomo ndani yakichemka, jiwe linapasuka na vipande vinaruka.

Tukimaliza, tufukie makaa kwa mchanga?

Tafadhali, msifukie. Mchanga haulizimi kaa, unalificha. Kijana wangu mmoja alikanyaga asubuhi mahali ambapo kundi lililotutangulia lilikuwa limefukia moto wao usiku. Juu palikuwa pakavu na peupe kama ufukwe mwingine wote. Tulikaa naye tukimmiminia maji baridi mguuni dakika ishirini nzima, analia, kisha tukambeba mpaka barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mwageni maji, koroga kwa kijiti, mwageni tena, mpaka uweze kuweka kiganja juu ya majivu. Ndoo mbili za maji ya bahari zinatosha, na bahari iko pale pale.

Nakuja kambi ijayo. Nibebe nini?

Kopo lako la kitambaa ulichochoma mwenyewe, hata kama ni vipande vitano tu, na konzi mbili za usumba mkavu kwenye mfuko uliofungwa. Jiwe na tupa ninavyo. Na kiberiti pia, ukiwa nacho.